Kompyuta Haimjui Mbwa Asiyekuwepo

Kuna imani iliyoota mizizi miongoni mwa vijana wa Kajiado, kuanzia mitaa ya Kitengela iliyojaa watu hadi vituo vidogo vya Barabara ya Magadi kama Oltepesi, ambako simu yenye bando na salio la M-Pesa vyatosha kumwingiza mtu katika mbio za farasi na mbwa zisizokwisha usiku na mchana. Imani yenyewe ni kwamba anayebeti kwa kichwa chake anabahatisha, lakini anayechaguliwa mkeka wake wa dau na programu anapiga hesabu. Wanaoishikilia si wajinga. Wanajua fika kwamba wengi hupoteza, ila hulieleza jambo hilo kwa namna yao: wanaoliwa wameongozwa na hamu, hasira ya kurudisha kilichopotea, au mapenzi ya nambari fulani, na dawa ni kumwachia roboti kazi ya kuchagua. Ndiyo sababu makundi ya Telegram na WhatsApp yanauza mikeka ya uhakika na utabiri wa akili unde kwa ada ya siku au ya wiki, na wateja hawakosekani. Hata wanaoipinga kamari kanisani na mabarazani huikubali imani hii nusu bila kujua. Husema ubaya wa kamari ni kwamba ni bahati tupu, kana kwamba ingekuwa hesabu isingekuwa na neno. Mimi nadai kwamba wote wawili wanatazama pasipo. Kuna programu zenye akili nyingi mno. La kuuliza ni programu hiyo inakula mezani kwa nani.

Tuanze na shahidi mkuu wa upande wa pili, kwa sababu bila kumjibu yeye hakuna mjadala. Katikati ya miaka ya 1980, Mmarekani Bill Benter na Mwaustralia Alan Woods, wote wawili wachezaji wa karata waliozoea kuhesabu kadi katika kasino za Las Vegas, walihamia Hong Kong kucheza mbio za farasi kwa kompyuta. Benter aliunda mfumo uliopima kila farasi kwa mambo mengi: alivyokimbia karibuni, uzito aliobebeshwa, siku alizopumzika, lango alilopangiwa, mpanda farasi wake, na mengineyo mpaka yakapita mia moja. Misimu ya kwanza walipoteza sehemu kubwa ya mtaji. Baadaye mfumo ukakomaa, na Benter akawa miongoni mwa wachezaji wa kamari waliofanikiwa kuliko wote wanaojulikana, mtu ambaye mapato yake yanakadiriwa kwa mamia ya mamilioni ya dola. Mwaka 1994 alichapisha makala ya kitaaluma akieleza namna ulivyofanya kazi. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kompyuta haiwezi kuchagua farasi wa kubetia nitamkatalia. Inaweza, na ilishafanya hivyo.

Ila tazama ilifanya hivyo wapi. Hong Kong hubeti kwa kapu la pamoja. Pesa za wote huingizwa ndani, klabu ya mbio huchota sehemu yake mapema, takriban asilimia 17.5 katika dau la kawaida la mshindi, na kilichobaki hugawiwa waliopatia. Klabu haijali nani kashinda, maana mshahara wake ulishatoka. Maana yake ni kwamba kila senti aliyoipata Benter ilitoka mifukoni mwa wachezaji wenzake waliompa farasi huyu pesa nyingi kupita anavyostahili na yule pesa kidogo. Kapu hilo lilikuwa kubwa ajabu. Mbio za Hong Kong siku hizi huzungusha zaidi ya dola bilioni 100 za huko kwa msimu mmoja, hivyo mtu angeweza kutupia donge kubwa bila kulitikisa. Farasi nao walikuwa wale wale, zaidi kidogo ya elfu moja, wakikutana tena na tena katika viwanja viwili tu, Happy Valley na Sha Tin, na kumbukumbu zao zikawekwa kwa uangalifu. Na lipo jambo katika makala ya 1994 ambalo wauza mikeka hawalitaji kamwe: mfumo wa Benter peke yake haukutosha. Ilimbidi auchanganye na bei iliyowekwa na umma, kwa sababu umma ule ulijua mambo ambayo kompyuta haikuyajua. Faida ilikaa kwenye ufa mwembamba kati ya makadirio yake na bei ya watu. Ufa ukizibika, hata kompyuta iwe na nguvu kiasi gani, hakuna cha kula.

Sasa turudi Kajiado. Mbio zinazochezwa hapa kwenye simu na kwenye skrini za maduka ya kubeti kwa sehemu kubwa ni za picha. Mbwa 6 wanatokea mstarini, kila mmoja na vazi lake: nyekundu kwa nambari 1, buluu kwa 2, nyeupe kwa 3, nyeusi kwa 4, rangi ya chungwa kwa 5, na milia nyeusi na nyeupe kwa 6. Rangi hizo zimeazimwa kama zilivyo kutoka Uingereza, ambako mbio za mbwa zilianza rasmi Belle Vue, Manchester, mwaka 1926. Kando ya kila mbwa kuna jina, odi (kiasi utakacholipwa kwa kila shilingi), na pengine matokeo ya mbio zake zilizopita. Sungura wa bandia anatangulia, vumbi linatimka, mtangazaji anapaza sauti kwa Kiingereza, na baada ya nusu dakika kuna mshindi. Dakika chache baadaye wanapangwa wengine. Hakuna mnyama yeyote katika shughuli hiyo. Kwenye seva ya kampuni, mtambo wa nambari nasibu umeshatoa jibu, kisha picha inachorwa ili ifanane na jibu hilo. Mnunuzi wa ng'ombe katika mnada wa Bissil hufungua kinywa cha mnyama akahesabu meno, akapapasa nundu, akamtembeza aone kama anachechemea. Ujuzi wake una mahali pa kushika kwa sababu ng'ombe yupo. Mbwa wa skrini hana mguu wa kuteguka wala siku ya kuamka mchovu. Matokeo yake yaliyopita yamewekwa pale kama pambo. Programu inayoyasoma ili ikadirie mbio inayofuata inafanya kazi ya kumpigia ramli mtu ambaye hajazaliwa.

Wapo watakaosema kwamba hizo nambari nasibu pia hutungwa na kompyuta, na kilichotungwa na kompyuta kinaweza kupasuliwa na kompyuta nyingine. Kwa nadharia ya darasani kuna ukweli kidogo. Kwa uhalisia, programu iliyopakuliwa kwenye simu Kitengela haioni kinachotendeka ndani ya seva. Huona matokeo tu, sawa na macho ya mwenye simu. Na hebu tufikirie kidogo. Aliyeupasua mtambo huo ana kisima cha pesa kisichokauka mpaka kampuni ishtuke. Atakuwa na haja gani ya kuwauzia maelfu ya watu siri hiyo kwa shilingi mia chache, akijua kwamba kila anayeijua huharakisha siku ya kushtukiwa?

Hesabu ya mbio hizi iko wazi na haihitaji roboti. Chukua mfano rahisi wa mbwa 6 wenye nafasi sawa. Kila mmoja atashinda mara 1 kwa kila 6, hivyo odi ya haki ni 6.00. Kampuni inaweka 5.00. Ukimbetia kila mbwa Sh100 utatumia Sh600 na kurudishiwa Sh500 bila kujali nani kashinda. Ile Sh100 iliyobaki, karibu asilimia 17, ndiyo riziki ya kampuni. Katika mbio za picha zenyewe odi hutofautiana, mmoja 3.20 na mwingine 9.00, lakini hilo halibadilishi kitu, kwa kuwa nafasi za ushindi na odi hupangwa na mkono mmoja na sehemu ya kampuni imeshakatwa kote. Ongeza kodi. Tangu Sheria ya Fedha ya 2025, ushuru wa asilimia 5 hutozwa pesa zinapoingia kwenye akaunti ya kubeti, na asilimia 5 nyingine zinapotolewa. Aliyeingiza Sh1,000 kwa kipimo hicho anaanza na Sh950. Akizizungusha zote mara moja katika mbio kama hizo, kwa wastani atabaki na takriban Sh792. Mara ya pili Sh660. Mara ya tatu Sh550. Mara ya nne Sh458, na akizitoa hapo atapokea kama Sh435. Mbio zikirudiwa kila baada ya dakika chache, yote hayo hutimia kabla matatu ya Kiserian haijajaza. Naomba atakayenijibu anionyeshe ni hatua gani katika hesabu hiyo ambayo programu ya kuchagua inaigusa. Ikichagua mbwa 1 ama mbwa 6, mwenye odi ndogo ama kubwa, kile kipande cha kampuni kipo pale pale. Katika kapu la Hong Kong kulikuwa na wachezaji wengine wa kukosea. Hapa aliyeweka bei ndiye aliyetengeneza mbwa, na yeye hajakosea.

Pingamizi linalosemwa zaidi halitokani na hesabu, linatokana na macho: lakini roboti lilipatia, tena mara kadhaa mfululizo, na picha za mikeka iliyokubali ziko kwenye kundi. Sina sababu ya kusema picha hizo ni za uongo. Mwaka 2008 mwigizaji wa mazingaombwe wa Uingereza, Derren Brown, alitengeneza kipindi cha televisheni kuhusu mfumo wa kutabiri farasi. Mwanamke mmoja wa kawaida alitumiwa jina la farasi kabla ya mbio, farasi akashinda. Akatumiwa tena, akashinda tena. Hivyo hivyo mpaka mbio 5. Mwishowe Brown mwenyewe akafichua siri. Alianza na watu 7,776, akawagawa makundi 6, kila kundi likatumiwa farasi wake. Waliopatia walibaki 1,296, akawagawa tena. Wakabaki 216, kisha 36, kisha 6, kisha mmoja. Huyo mmoja hakudanganywa kuhusu alichokiona. Aliona kweli tupu, ila hakuwaona wenzake 7,775. Kundi la Telegram lenye maelfu ya wanachama ni mtambo wa aina hiyo hiyo hata kama mwenye kundi hana nia mbaya: anayepatia hupaza sauti na kutuma picha, aliyekosa huondoka kimya, na siku inayofuata kundi limejaa mashahidi.

Upo utetezi mwingine wenye uzito kuliko huo, na ni haki kuukabili. Mtu atasema: basi tuachane na mbio za picha, tubeti kwenye zile halisi, ambako wanyama wapo, takwimu zipo, na programu ina kitu cha kusoma. Nakubali kwamba hapo ndipo mahali pekee ambapo mjadala una maana. Lakini tazama njia mbili zilizopo. Ya kwanza ni Uwanja wa Ngong, Nairobi, unaosimamiwa na Jockey Club of Kenya, ambako farasi wenye damu na kwato wamekuwa wakikimbia tangu mwaka 1954. Ni kinaya kweli kweli kwamba wakazi wa Kajiado, walio jirani na uwanja huo, hubeti zaidi juu ya mbwa wa kuchorwa. Ila hata pale, mbio ni chache, farasi mara nyingi ni wachache, na pesa zinazobetiwa hazikaribii za Hong Kong hata kwa mbali. Tuseme kapu lina Sh100,000, mwandaaji akakata asilimia 20, na farasi ambaye programu yako imemgundua ana Sh10,000 juu yake. Akishinda, kila shilingi italipwa 8. Wewe ukaongeza Sh10,000 zako. Kapu sasa ni Sh110,000, za kugawa ni Sh88,000, na juu ya farasi huyo kuna Sh20,000: malipo yameshuka hadi 4.40. Umejikata mwenyewe karibu nusu ya bei kwa kuwa na hakika. Ukipunguza dau ili usilitikise kapu, faida inakuwa ya kununulia chai, na kazi ya kukusanya takwimu za farasi wote hao haijalipwa.

Njia ya pili ni mbio halisi za nchi za nje zinazopatikana kwenye mtandao kwa odi za kampuni. Hapa hakuna kapu. Unabetiana na kampuni ana kwa ana, nayo ina programu yake ya kupanga bei, watu wa kuilinda, na haki ya kukukataa. Mwaka 2017 Lisandro Kaunitz, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Tokyo, na wenzake wawili walitoa utafiti juu ya soka. Hawakujaribu kuzijua timu kuliko kampuni. Walilinganisha odi za kampuni nyingi, wakawa wanabetia ile tu iliyoachana na wastani wa soko kwa kuwapa bei nzuri kupita kawaida. Mbinu ilifanya kazi kwenye kumbukumbu za miaka, ikafanya kazi kwa pesa halisi kwa miezi kadhaa, kisha kampuni zikaanza kubana akaunti zao: dau dogo tu, ama kila dau lipitiwe kwanza na mtu. Mchezo ulikuwa soka, lakini kanuni ya kibiashara ni ile ile kwa farasi na mbwa. Kampuni yenye odi zake haina sababu ya kumfuga mteja anayeishinda. Kwa hiyo programu mbovu hukuacha ucheze unavyotaka, na nzuri hukufungia mlango. Huko Marekani vikundi vikubwa vya kompyuta bado hushinda katika makapu ya farasi, lakini wengi wao hurudishiwa na waandaaji asilimia fulani ya kila wanachobeti kwa sababu ya wingi wa pesa wanazoleta. Mara nyingi faida yao imesimama juu ya marejesho hayo. Kijana mwenye Sh500 hapewi marejesho na mtu.

Kuhusu hoja kwamba roboti angalau huleta nidhamu, sitakaa sana. Nidhamu ni nzuri pale unapokwenda mahali pazuri. Anayefuata kwa utiifu mfumo wenye hasara ya asilimia 17 kila mzunguko atapata hasara hiyo kwa utaratibu na kwa wakati, ilhali mtu wa kubeti kwa hamu huenda akachoka, akasinzia, au akaishiwa na bando. Programu inayobeti yenyewe haisinzii.

Linalobaki ni kumtazama muuzaji, na hapa ndipo ninapowashangaa wanaoamini kwamba tatizo lote liko kwa kampuni. Kampuni za kamari duniani hulipa kamisheni kwa mawakala wa mtandaoni wanaoziletea wateja, na mara nyingi kamisheni hiyo hukokotolewa kutokana na pesa alizopoteza mteja aliyeletwa. Tafakari hilo. Mtu anayekutumia kiungo cha kujisajili pamoja na utabiri wa leo anaweza kuwa analipwa zaidi kila unapokosa. Ukipatia, utamsifu, ukikosa, atalipwa. Mwamba ngoma huvutia kwake, na huyu ameshika kamba pande zote mbili. Ada ya utabiri unayomlipa kwenye nambari yake ya tili ni nyongeza tu. Sheria ya Kudhibiti Kamari ya 2025, iliyochukua nafasi ya sheria ya 1966, inawatazama zaidi wenye leseni, na Aprili mwaka huo huo matangazo ya kamari yalikuwa yamesimamishwa kwa siku 30. Muuza utabiri hatishiki na hayo. Akiulizwa atajitetea kwamba hauzi kamari, anauza ushauri.

Basi aulizwe kama mshauri. Mshauri wa shamba huonyesha mavuno, na huyu aonyeshe daftari: kila utabiri aliotoa, uliorekodiwa kabla ya mbio, pamoja na odi iliyokuwepo wakati huo na iliyoweza kubetiwa kweli. Si ishirini, si thelathini. Katika mbio za mbwa 6 wenye odi ya 5.00, mtu anayechagua kwa kufumba macho akibeti mara 30 atatarajia kupatia 5, lakini mmoja kati ya 9 atapatia 8 au zaidi kwa bahati tu, na 8 kwa odi hiyo ni faida ya theluthi ya pesa alizobeti. Wakiwa 90 wanaouza utabiri, 10 hivi watakuwa na mwezi mzuri wa kuonyesha bila kujua lolote. Daftari la mara 1,000 ndilo litakaloanza kuwatenga, maana hapo anayebahatisha atazunguka 167 akipanda au kushuka kidogo, na anayejidai kupata faida lazima avuke 200. Mamlaka mpya ya kudhibiti kamari, iliyoundwa na sheria hiyo ya 2025, inaweza kuagiza daftari la namna hiyo liwe sharti kwa yeyote anayepokea pesa kwa utabiri nchini, likaguliwe kama vile hesabu za chama cha ushirika zinavyokaguliwa, na kamisheni zake zote zitajwe humo. Wauzaji wa mikeka ya mbwa wa skrini hawataliwasilisha. Wale wachache wa farasi halisi wanaoweza kuliwasilisha, kama wapo, nitakuwa wa kwanza kulisoma.